Maji Safi ya Kuchemsha

Treni ya Jumapili ilipoondoka Karatina, mama aliyeketi mbele yangu alikumbatia kikapu kama mtu aliyebeba mayai. Kijana wa kando yake alimwuliza amebeba nini. Mimi nilikuwa nimeona haya kuuliza.

"Ni nyama ya titi ya dada yangu Wakonyo," akasema. "Daktari alikata kidogo, nipeleke maabara Nairobi kesho. Iko kwa chupa."

Kijana akachangamka. Alisema anaitwa Khadar, anasomea mambo ya maabara chuoni Kutus, na utafiti wao ni kujua kwa nini nyama nyingi za kupimwa zinafika maabara zikiwa zimeharibika. Aliomba kuiona, akanusa kifuniko.

"Mama, hii haina harufu. Dawa iko wapi?"

"Ilikuwa inanuka, inawasha macho. Jana nilimwaga, nikaosha chupa, nikaweka maji safi ya kuchemsha." Alisema kwa fahari ya mtu aliyelea watoto bila hata mmoja kuumwa tumbo.

Khadar akafunga kifuniko polepole. Hata mimi nisiyejua maabara nikajua kuna kosa.

"Kwani ni mbaya?" mama akauliza.

"Hiyo dawa ndiyo inazuia isioze, mama. Ikioza, hawawezi jua kama ni kansa. Pengine akatwe tena."

"Wakonyo aliapa harudi kwa kisu."

Khadar alikuwa ameshatoa daftari. "Ulimwaga saa ngapi?"

"Usiniandike, kijana. Niambie tu nitamwambia nini."

Treni ikasimama Sagana. Khadar alipaswa kushuka, lakini alibaki amesimama na begi begani. Simu ikalia ndani ya kikapu.

"Ni yeye," mama akasema, bila kuichukua.