Askari wa Udongo wa Mwalimu Gozbert

Desemba 1979, ndani ya basi la Ngara, Bibi Zita alimsikia mtu mwenye vumbi la chaki, aliyeketi kiti cha mbele yake, akisimulia vita alivyoongoza, asielewe alikuwa kamanda wa namna gani.

"Mwaka huu nimepigana mara kumi na mbili, zote mezani," Mwalimu Gozbert alimwambia Shibuda, abiria aliyeketi kando yake, akimwonyesha kopo la askari wadogo wa udongo wa kuchezea vita. "Waliovunjika nawaloweka, nawafinyanga upya, wanarudi vitani."

"Aliyekufa amekufa, bwana!" Shibuda alipinga. "Huyo siye tena."

"Udongo ni uleule!"

Zita akainama katikati yao kutoka kiti cha nyuma. "Mwalimu, mwanangu aliuawa vitani mwezi wa tatu, akazikwa hukohuko Uganda. Nikikuletea udongo wa pale?"

Basi likasimama Lusahunga. Shibuda alikuwa ashuke hapo, lakini hakuinuka.