Fedha Hii Ni ya Henrik

Sogeeni karibu, Petter, na wewe Ulrika, maana sauti yangu haifiki tena hata mlangoni. Shamba la Norrbo ni lenu wawili, ligawaneni kwenye kijito. Ng'ombe ni wa Ulrika, vitabu ni vya Petter. Lakini fedha iliyo sandukuni chini ya kitanda hiki msiiguse. Ni ya kaka yenu Henrik, na sikilizeni kwa nini.

Mlikuwa bado wadogo wakati wachungaji wenzangu wa kanisa waliponichagua niende bungeni Stokholm. Noti zilikuwa zimefurika nchi nzima. Waliozitoa walisema karatasi ndiyo iliyojenga viwanda, nasi tukasema karatasi usiyoweza kuibadilisha kwa fedha wala dhahabu ni uongo wenye muhuri. Nilisema hivyo kwa uchungu, kwa kuwa nilimjua mjane Brita Persdotter, aliyeuza shamba la marehemu mumewe akapewa noti, akazitunza miaka kumi na mitano, na alipozitoa hazikumnunulia nafaka ya kumvusha baridi moja.

Wiki moja kabla ya kura ya kuzipandisha noti thamani, Henrik alinifuata mjini. Alikuwa amekopa noti ajenge karakana yake ya chuma.

"Baba," akasema, "siutetei uongo. Naomba tu mwende polepole. Nilikopa noti nyepesi, mkizipandisha kwa mkupuo mmoja nitalipa nzito, na bei ya chuma itaanguka."

Nikamjibu, "Kwa hiyo wajane waendelee kuibiwa ili wewe ufue chuma?"

Akavaa kofia yake. "Unahubiri vizuri, Baba. Lakini mshahara wako haukatiki tanuru likizimika."

Hajasema nami tena tangu siku hiyo.

Tulishinda. Noti zikapanda thamani kama tulivyotaka, na kwa miaka miwili matanuru ya bonde hili yakazimika moja baada ya jingine. Karakana ya Henrik ikapigwa mnada, wafuaji wakaondoka na watoto wao, naye akaenda bandarini Gävle kupakia chuma cha watu wengine. Nikabaki nahubiria mabenchi matupu. Mama yenu alikuwa akimwekea sahani kila Krismasi, hakunilaumu hata mara moja, na mimi ningeona afadhali anilaumu.

Jambo nililowaficha ni hili: akiba yangu ilinenepa kwa kura yangu mwenyewe. Kila noti niliyokuwa nayo, nikaja kuibadilisha kwa fedha karibu maradufu. Naapa sikuifikiria nilipoinua mkono. Lakini sikuirudisha pia, na miaka kumi na miwili nimelala juu yake.

Msiitume kwa posta. Nendeni nyote wawili, mumpe mkononi. Msiseme ni zawadi, semeni ni yake. Akikataa, msibishane naye, mpeni mkewe.

Atawauliza kama nimekufa nikiamini nilikuwa na haki. Namjua, atauliza. Mwambieni hesabu yetu ilikuwa sahihi… ngojeni, nipumzike… sahihi, mwambieni, na kwamba aliponiomba tupunguze mwendo tu, mimi nilimsikia mpinzani. Sikumsikia mwanangu.

Petter, usiandike. Shika tu mkono wangu. Ulrika, na wewe, huku.

Mungu awabariki, awalinde. Awaangazie uso wake. Awape amani… na yule wa Gävle… yeye kwanza.