Utepe Uliojua Kabla ya Daktari

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu, mama mmoja fundi cherehani alikuwa akimsimulia fundi bomba aliyeketi naye kwa bahati tu. "Mteja wangu kiuno kilipungua inchi tatu, shingo ikaongezeka moja. Nikapanua kola, nikanyamaza. Wiki ya pili mkono ukalegea, mdomo ukaenda upande. Hospitali wakakuta mishipa ya damu kichwani imebana, na tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Eti wakati mwingine magonjwa hayo mawili huandamana."

"Shingo na ubongo wapi na wapi, mama?" fundi bomba akabisha. "Mimi sinki la jikoni likiziba, sikagui choo."

"Ndiyo maana wanakuita mara mbili."

Nilikohoa kuficha kicheko.

"Yu hai, anameza dawa," mama akaendelea, sauti imeshuka. "Lakini mkewe hakuona, mama yake hakuona. Utepe huu wa kupimia uliona, nami nikapanua kola!"

Niliutazama ule utepe wa manjano uliofutika tarakimu kama mtu atazamaye muujiza.

Fundi bomba akafungua kifungo cha juu. "Hebu nipime."

Mama akauzungusha shingoni mwake, akasoma, akasoma tena. Treni ikasimama. Kilikuwa kituo changu, lakini sikuinuka.