Dua ya Meza ya Karata

Siku ya tatu Las Vegas, Verna wa Nebraska alikuwa bado kinywa wazi. "Nimeona maji yanacheza muziki, nimeona hoteli yenye umbo la piramidi," alimwambia mzee asiyemjua aliyeketi naye basini, "lakini kilichonitoa machozi ni wachezesha karata wa kasino. Kila anayeondoka mezani anapiga makofi, anafungua viganja juu. Mji unasemwa vibaya hivi, kumbe watu wake wanaomba dua!"

"Dua wapi, mama! Anaionyesha kamera ya darini kwamba hajaficha kete za kamari, zile zinazobadilishwa kwa pesa."

"We bwana moyo wako mgumu kweli!"

Nyuma yao Lourdes, aliyechezesha karata kwa miaka ishirini na miwili, alimalizia mkate wake. Mzee alisema kweli, tena kweli isiyo na utamu wowote.

Basi likasimama. Lourdes akainuka, akakung'uta makombo, na mikono yake, kwa mazoea tu, ikapiga makofi na kufunguka kuelekea juu.

"Amina," Verna akanong'ona.

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, Lourdes naye akatazama juu.