Ng'ombe wa Mzee Placide

Wasikilizaji wapendwa, leo naanza na kofia. Kofia pana ya kaboi, rangi ya udongo. Iko hapa studioni, juu ya meza yangu, mdomo ukitazama juu. Mwenyewe ametutoka. Kwa wewe uliyewasha redio sasa hivi, narudia: Mzee Placide wa Euless, hapa Texas, mpiga gitaa, ametutoka. Jana tulimzika.

Wengi mlimjua kwa kofia hii. Aliinunua Fort Worth, mwaka uleule alipofika kutoka Kongo. Kaboi mmoja, mchunga ng'ombe wa huku, alimfundisha kuiweka mdomo juu, ili bahati isimwagike. Basi hata kazini, ghalani karibu na uwanja wa ndege, akikaa kula aliiweka hivyo. Jumamosi alikwenda kuwatazama ng'ombe wa pembe ndefu wakipitishwa barabarani. Watu walipiga picha. Yeye alivua kofia, akawasalimu ng'ombe. Alisema, "Huyu kaboi wa farasi na mimi wa fimbo, kazi yetu ni moja. Jioni ukute wote wamerudi."

Ng'ombe wake mwenyewe hawakurudi. Kwao, milima ya Itombwe, alichunga ng'ombe, na wakati wa vita wakaporwa wote. Akatunga wimbo. Kiitikio ni majina yao tu, vile alivyowaita jioni: Bihogo, Gaju, Bugondo. Mjane wake, Mama Scholastique, ameniambia: "Bibi, ule wimbo ndiyo ilikuwa zizi yake."

Sauti ya pili ilikuwa ya Dady, rafiki yake tangu kambi ya wakimbizi. Alikula kwao, akalala kwao. Wimbo ule Placide alimfundisha mwenyewe, kidole kwa kidole. Kisha Dady akahamia Houston, akapata sifa.

Mwaka jana Dady alipiga muziki harusini, kule Missouri City, karibu na Houston, akamwalika rafiki yake. Placide akaendesha gari kutoka Euless, shati limenyooka kwa pasi. Dady akashika maikrofoni, akasema, "Huu ni wimbo wangu." Gitaa lilelile, wasikilizaji. Lakini penye Bihogo akamtaja mwenye duka. Penye Gaju, daktari. Penye Bugondo, baba wa bwana harusi. Mnaijua desturi ya wanamuziki wetu, kuwatupia majina wenye nazo ili watunze. Kila jina likitajwa, noti ikabandikwa kwenye paji la uso la Dady.

Mama Scholastique alimwona mumewe akivua kofia. Akaiweka mezani, mdomo chini. "Nikajua imeisha," anasema. Njia nzima ya kurudi, mzee alisema neno moja tu: "Bale balibeba bang'ombe bangu sikubajua. Huyu namujua."

Hakushika gitaa tena. Nasema tena: mpaka kufa, hakushika gitaa.

Jana Dady alikuja mazikoni, gitaa begani.

"Yaya," akamwita, yaani dada mkubwa, "niruhusu nimuimbie mwenzangu."

Mama Scholastique alimtazama. "Imba, shemeji. Lakini uimbe bang'ombe."

Akapiga. Vidole havikusahau kitu. Akafika kwenye kiitikio. "Bihogo," akaimba. Akakwama. Akarudia kutoka mwanzo. "Bihogo..." Ng'ombe waliobaki hawakuja. Mahali pao palikuwa pamekaliwa na wale watu wa harusini.

Ndipo Kethia akasogea, mjukuu wa marehemu, yule anayejibu kwa Kiingereza hata akiitwa kula. Akawaita ng'ombe mmoja mmoja, polepole, kama aliyeshika lango la zizi. Dady akashusha gitaa, akaondoka peke yake hadi kwenye gari.

Mama Scholastique, Kethia, na familia yote ya Euless, poleni sana. Tunalia nanyi. Na wewe unayenisikiliza hapa Houston, pale Gulfton, jikoni au garini, jiulize: kile ulichopewa na rafiki, ukiwa mbele za watu, bado unasema ni cha nani?

Kethia amekuja nami leo. Ndiye aliyeiweka kofia ya babu yake hapa mezani. Sasa namwachia maikrofoni.

Waite, mjukuu wangu. Jioni imefika.