Shamba la Mteremkoni

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Vitalis, Edmund, kaeni hapo. Luisa, acha vyombo, mama, leo nasema na wewe zaidi.

Mnajua nimekuwa katekista wa kigango hiki miaka ishirini na sita, na kila ilipofika zamu ya ile barua ya Mtume Yakobo, inayowaonya wanaopanga safari na biashara za mwakani kana kwamba uhai ni mali yao, badala ya kusema Mungu akipenda, niliisoma kwa sauti nzito, nikatoka nayo kanisani, nikaifanya kichaka cha kujificha. Luisa aliporudi kutoka Lituhi, mumewe amezama ziwani, aliniomba lile shamba la mteremkoni, nami nikamjibu, "Mungu akipenda." Mwaka uliofuata akaomba tena, nikajibu vilevile. Kumbe nilishaamua moyoni kwamba litakuwa la Vitalis, kwa kuwa ni mwanamume, na Mungu sikumwuliza. Nilimsingizia. Naona aibu, wanangu.

Miaka tisa dada yenu amechimba ngoro kule. Kila Machi sisi wanaume tunafyeka na kupanga nyasi miraba miraba, kisha tunakwenda zetu kunywa, yeye anabaki na jembe akizifukia nyasi na kuacha shimo katikati ya kila mraba, anapanda maharage kwenye ardhi ambayo hajui kama mwakani atafukuzwa. Huko si kumtegemea Mungu, ni kuteswa na baba yake.

Vitalis, usinune. Kahawa yote ya huku juu ni yako na Edmund, inawatosha. Shamba la mteremkoni, kuanzia kijito hadi kwenye migomba ya Mzee Adolf, ni la Luisa na watoto wake, na Machi hii utampangia nyasi kama kaka. Kama mvua itanyesha, kama nitaiona Pasaka, hayo ni ya Mungu, sina neno. Mtume hakukataza kupanga, alikataza majivuno, mimi nimechelewa kuelewa.

Nizikeni karibu na mama yenu, msiwangoje wa mbali. Mungu awape chakula na kusikilizana... ngojeni, pumzi. Edmund, ile karatasi ya shamba aliyoiandika mwenyekiti wa kitongoji, ilete na wino. Nishike mkono, sioni pa kuweka dole. Hapo... limekaa?

Usilie, mama. Soma jina lililoandikwa... kwa sauti, kaka zako wasikie.