Mgeni wa Kwanza wa Mashindano

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi, chini ya kibao kilichochorwa vichwa vya watu wenye nywele nzuri kuliko zetu. Shangazi huweka birika lake la kahawa upande wenye kivuli, sisi husogea kadiri jua linavyosogea, na mambo ya dunia huamuliwa hapo kabla ya mchana. Wiki ijayo mashindano makubwa ya mpira yanafunguliwa mjini kwetu. Timu zinakuja kutoka mabara yote, na redio imekuwa ikisema kwa miezi mingi kwamba yakiisha hakuna atakayebaki alivyokuwa. Mtaa mzima unanuka rangi mpya. Karibu kila mlango una kibao cha "Chumba kwa Mgeni". Siwezi kusema watu waliingiwa na tamaa. Ukiambiwa kila asubuhi kwamba neema iko njiani, utafagia uwanja; na ukimkuta mpangaji amekaa mahali neema itakapopita, utamwomba asogee.

Asubuhi moja wiki hii Koki, fundi bomba, alikuja na mfuko wa zana akauweka miguuni pake bila kuufungua. Alikuwa anasubiri neno la Shangazi.

— Nipe neno tu, Shangazi. Nikianza kuvunja ukuta leo, choo cha kukaa kitakuwa tayari kabla ya mechi ya kwanza.

— Ngoja nimimine kwanza.

— Unamimina tangu alfajiri.

— Basi ngoja nimalize.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa chumba cha Mama Pacha, fundi cherehani, mpangaji wa Shangazi tangu kabla ya hao pacha kuzaliwa. Nyumba iko ng'ambo ya barabara, na mlio wa cherehani hufika mpaka benchini. Watoto wale humwita Shangazi bibi. Lakini bati la Shangazi linavuja juu ya kitanda chake, na kodi ya mgeni mmoja, kwa bei za msimu huu, ingetosha kuezeka upya. Ilikuwa lazima siku hiyo amwambie Mama Pacha ahame. Hakuwa amemwambia.

— Mimi mpangaji wangu nilimwambia mwezi uliopita, alisema kinyozi. Tunamwita Panki, jina la mtindo wa nywele, kwa sababu kichwani kwake hakuna hata unywele mmoja. Akaendelea: Nilimwambia kistaarabu. Akakunja godoro, akaaga, akaenda. Sasa chumba kina pazia, kina kioo, kina feni.

— Na mgeni? aliuliza Koki.

— Mgeni bado. Lakini feni inazunguka.

Bajeti alikohoa. Huyu ni mstaafu. Maisha yake yote alifanya kazi katika ofisi ya kupiga chapa bajeti za watu wengine, na mpaka leo huongea kama anayesoma.

— Tatizo lenu mnamtazama mgeni mmoja mmoja. Uchumi hautazamwi hivyo. Mgeni anakuja, ananunua kahawa kwa Shangazi. Shangazi anachukua hela ileile anamlipa Panki, amnyoe mjukuu. Panki anamlipa Koki, amrekebishie bomba. Koki anakuja hapa ananunua kahawa. Hela ni moja, lakini mtaa mzima umetajirika.

— Na mgeni amepata nini?

— Si amekunywa kahawa? Anataka nini tena?

— Lakini Bajeti, alisema Shangazi, hela ya namna hiyo si ndiyo inayozunguka hapa kila siku, hata bila mgeni?

— Hiyo ni ya ndani. Ya ndani inazunguka lakini haisogei. Ya nje ina nguvu. Ikiingia mtaani, hata hizi zetu zilizolala zinaamka.

— Mimi sihitaji hela izunguke, alisema Panki. Nahitaji vichwa. Shabiki timu yake ikishinda, anakuja nimchore bendera kichwani. Ikifungwa, anaondoa zote kwa aibu. Ikitoka sare je?

— Anakwenda kulala, alisema Koki.

— Ananyoa upande mmoja! Kila mechi, uwanja mzima unahitaji kinyozi. Nimeshaulizia viti vya kukodi.

— Na nywele zitaota saa ngapi kati ya mechi na mechi?

— Hizo hesabu za Bajeti, si zangu.

— Nywele hizo zitakusanywa, alisema Bajeti kwa uzito. Ziko nchi zinanunua nywele. Tutauza nje. Mgeni anakuja na hela, anaondoka na kipara. Tumefaidi mara mbili.

Koki aliweka kikombe chini. Alikuwa na uso wa mtu aliyevumilia watoto kwa muda mrefu.

— Nyinyi mnacheza. Fikirini wakati wa mapumziko. Refa amepuliza. Uwanja mzima, hoteli zote, kila nyumba yenye televisheni, watu wanainuka pamoja. Wanaingia chooni pamoja. Wanavuta maji pamoja.

Tukaliona jambo hilo.

— Mabomba ya mji huu yalizikwa na watu waliokwisha kuzikwa wenyewe. Yatapasuka yote kwa mpigo. Siku hiyo waziri atanipigia simu mimi. Ataniambia, Koki, mwanangu, liokoe taifa.

— Na wewe utamjibu nini?

— Nitamwambia simu inaishiwa chaji, apige kesho. Bei ya kesho ni nyingine.

— Na uwanja wenyewe, aliuliza Shangazi, wakishaondoka wachezaji, utakuwa wa nini?

Bajeti alikuwa analisubiri swali hilo.

— Utaezekwa juu, utajazwa maji ya mvua. Bwawa! Majirani zetu wote wana shida ya maji, tutawauzia. Na kwenye vile viti tutapanda mboga, ngazi kwa ngazi, kama shamba la mlimani.

— Ukiezekwa juu, mvua itaingilia wapi? aliuliza Panki.

— Hayo waachie wahandisi. Nawaambia, baada ya mashindano haya hakuna atakayefanya kazi tena. Tutakuwa nchi ya kupokea wageni. Kazi yetu itakuwa kukaa tu.

— Si ndiyo tunayofanya sasa? alisema Shangazi.

Alilinyanyua birika, akalitikisa karibu na sikio.

— Zamani saa hizi ningekuwa nimeshaongeza maji. Leo bado zito. Na jana hivyohivyo.

— Wateja wanabana matumizi, alisema Bajeti. Wanajiandaa. Ni dalili nzuri sana.

Nilitazama barabarani. Zamani kulikuwa na mwashi aliyezoea kunywa kahawa yake amesimama, kofia ya kazi kwapani. Sikuwa nimemwona tangu nyumba aliyokuwa akikaa ipakwe rangi ya kijani. Kulikuwa pia na manesi wawili waliokuwa wakitoka zamu ya usiku, wakigawana kikombe kimoja na kucheka. Dirisha lao sasa lilikuwa na pazia jipya, na nyuma ya pazia hakuna mtu.

— Shangazi, alisema Koki. Neno.

— Nilikwenda asubuhi. Anashona sare za shule. Nikasimama dirishani, nikasema moyoni, akimaliza huo mkono namwambia. Akamaliza mkono, akaanza kola.

— Kushona hakuishi, Shangazi.

— Nimeona. Basi nitakwenda birika likiisha.

— Birika lako lenyewe nalo limegoma kuisha! Wewe si wa kwanza. Panki alisema na hakuna kilichoharibika. Au siyo, Panki?

— Aliaga vizuri tu, alisema Panki. Hata chumba alikifagia.

Ndipo tulipomwona kijana anakuja kutoka upande wa kituo cha mabasi. Alikuwa na begi kubwa begani na fulana ya timu ambayo si yetu, bado ina mikunjo ya dukani. Alikuwa anasoma vibao vya milangoni, kimoja baada ya kingine, na kuendelea mbele. Panki alisimama taratibu, kama mtu aliyemwona swala akaogopa kumshtua.

— Jamani. Huyo hapo.

Kijana alipofika, alikuwa ameshapewa nafasi katikati ya benchi na kikombe mkononi kabla hajamaliza salamu.

— Karibu sana, ndugu yetu! Pole na safari. Umekuja kwa mashindano?

— Ahsanteni. Ndiyo, wiki ijayo tunacheza.

Kiswahili chake kilikuwa chetu, ila kilipanda na kushuka mahali ambapo chetu hakipandi.

— Mtashinda, alisema Panki, akimtazama nywele.

— Unapendelea choo cha kukaa, aliuliza Koki, au cha kuchuchumaa?

— Mwache anywe kwanza, wewe!

— Chochote tu, alisema mgeni, na Koki akaonekana kuumia.

— Na hela, alisema Bajeti kwa sauti ya chini, umekuja nayo ya nje?

— Nilibadilisha mpakani.

— Mpakani! Bajeti akashika kichwa. Imeanza kuzunguka huko!

Panki aliwasukuma wote pembeni kwa kiwiko.

— Ndugu yangu, usiwasikilize. Malazi je? Nina chumba hapo nyuma. Pazia, kioo, feni.

— Nashukuru, kaka, malazi ninayo. Nafikia kwa dada yangu. Ndiyo maana nimewahi, tupate siku za kukaa pamoja kabla ya mechi. Aliniambia nikifika kwenye duka la kinyozi nimefika, yeye yuko nyumba ya nyuma. Anapiga pasi nguo za watu. Ni mrefu, ana pengo hapa mbele.

Panki alikaa.

— Simu yake haipatikani kwa wiki kadhaa sasa, kijana aliendelea, lakini nilidhani imeharibika tu. Yumo ndani?

— Alihama, alisema Panki.

— Alihama? Lini?

— Mwezi uliopita.

— Amehamia wapi?

Alituuliza sote, akimtazama mmoja mmoja kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia. Bajeti alichungulia ndani ya kikombe chake. Koki alitazama mfuko wa zana. Sisi tuliojua waziri atasema nini kwenye simu, na nywele za dunia nzima zitauzwa wapi, hatukujua mwanamke aliyepita mbele yetu kila asubuhi na pasi yake ya mkaa alipinda kulia au kushoto alipofika mwisho wa barabara. Hakuna aliyemficha kijana. Hakuna aliyemuuliza dada yake, basi.

— Aliaga vizuri, alisema Panki tena. Halafu akasema: Sikiliza, ndugu yangu. Chumba kiko wazi. Lala humo, siku zote za mashindano. Sitaki kitu.

— Chumba gani?

— Kilekile. Cha dada yako.

Kijana alifikiri. Hakukasirika, alikuwa anajaribu kuelewa.

— Nilale mimi humo, yeye alale wapi?

Shangazi alifunika birika. Ng'ambo ya barabara cherehani ilikuwa inakwenda, inapumzika, inakwenda tena. Alijifunga kitenge chake vizuri kiunoni, akamshika kijana mkono.

— Njoo, baba. Kuna mtu kwangu anaweza kuwa anajua. Huyu alikuwa akishona, yule akipiga pasi, wakipelekeana nguo jioni. Kama naye hajui, tutauliza kwa wengine. Hutalala barabarani.

Koki alisimama nusu, mkono kwenye mfuko wake.

— Shangazi, na mimi nije na zana?

— Zana ziache hapo, alisema bila kugeuka. Beba begi la mgeni.

Koki alimtazama Panki, akamtazama Bajeti. Hakuna aliyekuwa na nadharia. Akaliweka begi begani, akawafuata.

Tuliwaona wakivuka, wakipita chini ya kibao cha rangi mbichi, wakiingia uani. Shangazi alisimama mbele ya mlango wa chumba cha Mama Pacha, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akapiga hodi. Cherehani ikanyamaza.